Gitaa la mzee, dramu la juu ya paa, na pikapu isiyogusa ubao

Mzee alikuja Jumatatu asubuhi, gitaa limeviringishwa kanga mbili na kufungwa kamba ya katani. Nikamwamkia. Akaitikia, akaliweka mzigo juu ya meza yangu, katikati ya spika zilizofunguliwa matumbo, akasema: “Nimekuletea bubu, mwanangu. Nyumbani anasema maneno matamu. Nikimpandisha jukwaani hasemi, na akisema anapiga ukunga.”

Nilipolifungua nilielewa kwa nini alilifunga kanga. Lilikuwa gitaa la jazz la Kijerumani, la miaka ya 1950, uso wake wa msprusi, mti wa nchi za baridi, umechongwa ukabinuka kama mgongo wa kijiko. Lina matundu mawili ya umbo la f kama ya fidla, na daraja lake, kile kibao kinachobeba nyuzi, limesimama tu juu ya ubao kama la fidla, halina gundi, linashikwa na mkandamizo wa nyuzi. Halikuwahi kuwekewa pikapu tangu litoke kiwandani. Mpwa wake anayeishi Hamburg ndiye aliyelinunua huko na kumletea.

Pikapu, kwa asiyezoea lugha ya bendi, si gari la kubebea mkaa. Ni kidude kinachonasa mtetemo wa nyuzi au wa ubao na kuugeuza umeme, umeme huo ukapelekwa kwenye amplifaya. Ziko za sumaku, ziko za fuwele zinazohisi mgandamizo, na maiki nayo waweza kuihesabu humo humo.

Mzee hupiga Alhamisi na Jumamosi juu ya paa la hoteli moja Mji Mkongwe. Wako wanne: saksafoni, besi kubwa ya kusimama, dramu, na yeye. Wageni wanakaa kwenye meza, wakiwa wengi hawazidi watu sitini, upepo wa bahari unapita katikati yao. Hoteli ina mixa ya chaneli nane, ile mashine ya kuchanganya sauti, spika mbili za kuelekea wageni na monita moja ya sakafuni, spika ya wapigaji kujisikia wenyewe. Kabla sijaitwa, fundi mwenzangu alikuwa amemwekea maiki mbele ya gitaa. Wiki tatu mfululizo mitambo ililia.

Nilimwuliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza. Mzee alipiga solo kwenye bendi za dansi ujanani, na gitaa lake la umeme bado analo nyumbani, zima. Kwa nini asilete lile?

“Lile linapiga nyuzi,” akajibu. “Hili linapiga mbao.”

Halafu akaweka masharti: lisitobolewe hata tundu moja, lisikike mpaka meza ya mwisho, na lisije likageuka gitaa la bendi.

Nilikaa na jibu lake la nyuzi na mbao muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu tatizo zima limo humo. Ubao wa gitaa la namna hii umefanywa mwembamba na mwepesi makusudi ili utikisike kwa jambo dogo. Uzi ukiguswa, ubao unatikisika, hewa iliyomo tumboni inapumua kupitia yale matundu, na hiyo ndiyo sauti anayoipenda mzee. Lakini ubao haujui nani anautikisa. Spika ikipeleka sauti kwake utatikisika vile vile, pikapu itanasa mtetemo huo, itaurudisha kwenye spika, spika itautupa tena kwenye ubao, na ndani ya sekunde moja utasikia ule ukunga. Kile kinacholifanya gitaa liwe zuri ndicho kinacholifanya lilie. Kila pikapu nitakayoitaja hapa chini ni jibu la swali moja tu: unataka mbao kiasi gani, na utazilipia ukunga kiasi gani?

Wamarekani walihangaika na jambo hili kabla yetu. Kampuni ya magitaa ya Gibson ilipotoa gitaa la L-5 mwaka 1922, lenye uso wa kuchongwa na matundu ya f, kusudio lilikuwa kupata sauti kubwa bila umeme. Mpiga gitaa Freddie Green aliingia kwenye bendi ya Count Basie mwaka 1937 akakaa humo hadi alipofariki mwaka 1987, miaka hamsini, na kazi yake aliyojulikana nayo ilikuwa kupiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, mara nne kwa kila kipimo kwa gitaa lisilo na umeme, nyuma ya matarumbeta na trombone. Hakusikika kama solo. Alisikika kama mapigo ya moyo, na bendi ilijengwa kumzunguka. Upande wa pili yupo Charlie Christian, aliyejiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939 akiwa na Gibson ES-150, gitaa lililotoka mwaka 1936 likiwa na pikapu ya sumaku nzito iliyofungwa kwenye ubao wenyewe. Huyo akapiga solo kama mpuliza saksafoni, na kila mtu akamsikia. Alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25 tu, lakini mlango alikwisha kuufungua.

Mzee alitaka mlango wa Christian na ubao wa Green. Ombi hilo nalo lina historia, na nitalifikia.

Hapa niongeze neno dogo. Kwetu neno “jazz” lilibebwa na bendi za dansi: Morogoro Jazz, Western Jazz, Jamhuri Jazz. Muziki ulikuwa rumba na twist na mitindo yao wenyewe, na magitaa yalikuwa ya umeme. Kwa hiyo mzee aliyeitwa mwanajazz miaka hamsini anakutana na gitaa la jazz lenyewe akiwa na mvi. Masikio yake yamezoea sauti ya gitaa iliyotoka kwenye spika, na hilo, niliona baadaye, lilimsaidia kuliko kumdhuru.

Alhamisi ile nilipanda juu bila kifaa chochote, nikiwa na simu yenye programu ya kupima ukubwa wa sauti. Si kipimo cha maabara, lakini tofauti inaonyesha. Nilisimama mita moja kutoka kwa kila chombo. Gitaa likipigwa kwa nguvu: desibeli 74, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Dramu kwa brashi: 81. Dramu kwa fimbo: 96. Saksafoni: 98. Ukitoa hesabu hiyo unaona kwamba maiki iliyowekwa mbele ya gitaa, sentimita 30, inasikia dramu karibu sawa na inavyosikia gitaa. Fundi akipandisha gitaa anapandisha dramu, na dramu ndilo la mwisho kuhitaji kupandishwa juu ya paa lile. Kuisogeza maiki kunasaidia: kila ukipunguza umbali nusu unapata kama desibeli 6 za bure. Kutoka sentimita 30 hadi 7 au 8 ni desibeli 12. Lakini mzee hakai kama sanamu. Akiinama kumsikiliza mpiga besi, gitaa linasogea kidole kimoja na sauti inakimbia. Halafu upepo. Miezi ya kusi paa lile linavuma, na maiki karibu na tundu la f ilikuwa inapokea mivumo kama turubali la dau. Kwa studio maiki ndiyo mwanzo na mwisho. Kwa paa lile niliifuta siku hiyo hiyo.

Wapiga udi wa taarab watanielewa haraka. Udi nao ni tumbo kubwa na ubao mwembamba, na yeyote aliyewahi kuukuza ukumbini anaijua tabu ya maiki. Ila kwenye taarab wanaokaa karibu na udi ni fidla na qanuni, si mtu mwenye sahani za shaba na fimbo.

Jaribio la pili lilikuwa sensa za kubandika: visahani viwili vya fuwele, kila kimoja kama sarafu, vinavyobanwa ndani ya ubao chini ya miguu ya daraja. Vinapita kwenye tundu la f kwa waya uliopindwa na subira nyingi. Havitobolei chochote. Nilivishika kwa udongo laini wa kubandikia karatasi ukutani ili mzee asikie kwanza kabla ya gundi. Chumbani kwangu, kupitia amplifaya ndogo, mzee alinyamaza kwa muda. Zilikuwa mbao kweli. Ulisikia kucha ikigusa ubao, ulisikia uzi wa chini ukishusha pumzi. Akasema tumemaliza.

Jumamosi ilionyesha kwamba hatujamaliza. Nyimbo za polepole, brashi, kila kitu kizuri. Mpiga dramu alipochukua fimbo, mzee akaomba zaidi kwenye monita, nikampa, na uzi wa tano ukiwa wazi gitaa likaanza kuguna lenyewe. Nilitumia programu ya kusawazisha nyuzi kuitambua ile noti: karibu Hz 112, yaani mitetemo 112 kwa sekunde, jirani kabisa na uzi wa tano, ambao ni Hz 110. Hiyo ndiyo noti ya tumbo lake. Kila gitaa la tumbo lina noti yake ambayo hewa ya ndani huipenda. Ukigonga ubao karibu na daraja kwa ngumi laini utaisikia ikisema “dum”. Niliikata noti hiyo kwenye ikwalaiza, vitufe vya kupunguza au kuongeza sehemu moja ya sauti, mkato mwembamba, desibeli 9. Mguno ukaondoka, ukaja mwingine kwenye Hz 205, ambayo ni noti ya ubao wenyewe. Nikaikata hiyo. Kufikia seti ya pili nilikuwa nimekata vipande vya kutosha hata sauti ikawa kama inatoka kwenye simu, na bado kila dramu la mguu lilipopigwa, sensa zilileta kishindo chake, maana sakafu ilitikisa kiti, kiti kikamtikisa mzee, mzee akalitikisa gitaa.

Nikirudi nyuma naona nilipoteza siku nne kwa kosa langu mwenyewe, na nitalieleza kwa sababu nimeliona kwa mafundi wengine pia. Rafiki yangu mmoja alinikopesha daraja lenye sensa ndani yake, la aina inayokaa mahali pa daraja la kawaida. Wazo lilikuwa kwamba sensa inayobanwa na nyuzi moja kwa moja itasikia nyuzi zaidi na ubao kidogo, kwa hiyo ukunga utapungua. Nikachomeka waya moja kwa moja kwenye mixa, tundu la laini, lile la vyombo vyenye umeme wa kutosha. Sauti ikatoka kama debe la mafuta likikwaruzwa: juu makali, chini hakuna kitu. Nikasema daraja halifai, nikalirudisha kwenye kasha lake.

Daraja halikuwa na kosa. Sensa ya fuwele ni chanzo dhaifu cha umeme, inafanya kazi kama kapasita ndogo, kile kidude cha kuhifadhi chaji. Ile ya ndani ya daraja ilikuwa na uwezo wa kama nanofaradi 1, kiasi kidogo sana. Ukiichomeka kwenye mlango wa kuingilia umeme wenye ukinzani wa kilo-ohmu 10, kama tundu la laini la mixa nyingi, noti zote zilizo chini ya takriban Hz 16,000 zinaanza kupotea, na kadiri noti inavyokuwa nzito ndivyo inavyopotea zaidi. Hiyo ni karibu sauti yote ya gitaa. Ukiichomeka kwenye amplifaya ya gitaa yenye mega-ohmu 1, mpaka unashuka hadi kama Hz 159, nafuu, ila uzi wa sita wa Hz 82 bado unapungua. Kwenye kiboksi cha kati, kinachopokea sensa kabla ya mixa, chenye mlango wa mega-ohmu 10, mpaka ni Hz 16, na besi yote inarudi. Nilipotumia kiboksi cha namna hiyo, chenye betri ya volti 9, daraja lile lile likawa gitaa. Si la mbao kama visahani, lilikuwa na ukavu fulani kwenye kila pigo la plektra, kile kipande cha kukwanyulia nyuzi, lakini lilikuwa gitaa. Ukikutana na mtu anayesema pikapu za fuwele zote zina sauti ya bati, mwulize kwanza alizichomeka wapi.

Mzee hakulipenda daraja hilo. Sababu yake sikuitarajia: lilikuwa zito kuliko lake, na gitaa likawa dogo hata bila umeme. Alikuwa sahihi. Kila gramu unayoiweka kwenye daraja au ubao ni gramu ambayo nyuzi zinapaswa kuibeba.

Hapo ndipo nikarudi kwenye sumaku, na kwenye ile historia niliyoiahidi. Wapigaji wa Marekani waliokuwa na magitaa ya kuchongwa ya bei kubwa hawakutaka kuyatoboa, na miaka ile ile ya mwisho wa 1930 alitokea mtengenezaji Harry DeArmond na pikapu inayoshikwa pembeni, inaning'inia chini ya nyuzi bila kugusa uso wa gitaa. Gibson yenyewe ilienda njia mbili. Mwaka 1949 ilitoa ES-175, yenye uso wa mbao za tabaka, ngumu zaidi, ili ibebe pikapu bila kulia sana. Mwaka 1961 ikatoa gitaa lenye jina la mpiga jazz Johnny Smith, uso wa kuchongwa, na pikapu ndogo inayoelea mwisho wa shingo. Njia ya kwanza inakubali kuuza mbao ili inunue sauti kubwa. Ya pili inataka vyote. Mzee alikuwa mtu wa njia ya pili na hakuwahi kumsikia Johnny Smith.

Pikapu ya sumaku haisikii ubao. Inasikia uzi wa chuma ukikata uga wa sumaku, basi. Ubao unaingia kwa mlango wa nyuma tu, kwa vile uzi uliofungwa kwenye ubao laini unatetemeka tofauti na uliofungwa kwenye ubao mgumu: unaanza kwa nguvu na kufa mapema. Kufa huko mapema ndiko sikio linakokuita “mbao”. Nilimweleza mzee hivyo, akanitazama kama mtu anayeuziwa samaki wa jana. Nikamwomba tujaribu kwanza.

Vipimo kabla ya kununua, maana kurudisha kitu Ulaya kutoka Unguja si jambo la kutania. Mwisho wa shingo, kutoka chini ya nyuzi hadi kwenye ubao kulikuwa na milimita 19. Pikapu tuliyoiagiza kupitia kwa mpwa ilikuwa na unene wa milimita 11. Ukiacha milimita 3 kati yake na nyuzi, zinabaki 5 chini, hewa ya kutosha isiguse ubao hata mzee akiegemea. Ingekuwa gitaa lenye shingo iliyolala zaidi, nafasi isingetosha na kisa hiki kingeishia hapa. Watu wengi huagiza kabla ya kupima.

Kuhusu kuishika: gitaa lilikuwa na kibao cha kuzuia mikwaruzo, kimefungwa kwa skrubu mbili za zamani pembeni mwa nyuzi. Nilichonga kingine cha mninga, milimita 3, umbo lile lile, nikatumia skrubu zile zile na matundu yale yale. Pikapu ikashikwa kwenye mninga. Kitufe cha volyumu, kile chembamba cha kuzungusha kwa kidole, kikafungwa chini ya ukingo wake, na tundu la jeki likakaa pembeni hapo hapo. Kizungushi cha volyumu, cha kilo-ohmu 500, nilikipata kwa fundi redio wa Darajani kwa bei ya vikombe viwili vya kahawa. Kibao cha asili mzee alikitia kwenye soksi akakihifadhi. Hakuna tundu jipya hata moja, sharti la kwanza limetimia.

Nilikuwa pia nimeazima pikapu ya sumaku ya koili moja, yaani zungusho moja la waya, ya mtindo wa zamani, na lazima niseme ukweli: chumbani ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote za sumaku. Ilikuwa na uwazi fulani, kama mlango ulioachwa nusu. Juu ya paa ilivuma. Umeme wetu ni wa Hz 50, na hoteli ile ina taa za kupunguzwa mwanga kwa kuzungusha. Kila mhudumu alipoufifiza mwanga kwa ajili ya chakula cha jioni, koili ile ilianza kunung'unika, zzzz, juu ya saksafoni. Dawa yake imejulikana tangu Seth Lover, fundi wa Gibson, alipobuni, mwaka 1955, pikapu ya Gibson yenye koili mbili zinazopingana, ambamo uvumi wa umeme unajiua wenyewe huku sauti ya nyuzi ikijumlika. Iliyotoka Hamburg ilikuwa ya aina hiyo, ndogo. Ilikuwa nyeusi kidogo kwa sauti. Ningekuwa mwenye hoteli ningebadilisha taa. Kwa kuwa sikuwa, nilichagua koili mbili.

Usiku wa kwanza wa pikapu mpya ulikuwa wa aibu, na aibu hiyo haikutoka kwenye pikapu. Uzi wa kwanza na wa pili zilipiga kelele kama kengele za baiskeli, nyuzi nene zikawa mbali, kana kwamba watu wawili walikuwa wanapiga magitaa mawili. Mzee alinitazama toka upande wa pili wa jukwaa na sikuhitaji tafsiri. Nilikuwa nimesahau nyuzi. Gitaa lilikuja na nyuzi za shaba nyeusi, zile za magitaa ya tumbo, na zinang'aa vizuri bila umeme. Lakini shaba haina habari na sumaku. Kwenye nyuzi nene, pikapu inauona uzi mwembamba wa chuma uliomo ndani tu, huku nyuzi mbili za juu, ambazo ni chuma kitupu, inaziona zote. Tulibadilisha tukaweka za nikeli, unene wa inchi 0.012 kwa uzi wa kwanza, na uzi wa tatu ukiwa wa kuzungushiwa waya. Nikashusha skrubu ya sumaku chini ya uzi wa pili karibu zamu mbili. Nyuzi sita zikarudi kuwa familia moja. Bila umeme gitaa lilipoteza ung'avu kidogo, mzee akanuna siku mbili, akazoea.

Ningeweka suala la nyuzi mwanzo kabisa kama ningeanza upya. Bei ya seti moja ya nyuzi si kitu ukilinganisha na pikapu, na ilibadilisha sauti kuliko tofauti kati ya pikapu yoyote na nyingine.

Visahani vya fuwele vilikuwa bado vimo ndani ya gitaa, kwa hiyo nikajaribu kuvichanganya. Sumaku ikaenda kwenye amplifaya yake. Visahani, kupitia kiboksi, vikaenda kwenye mixa na kwa wageni peke yao, havikuingia kwenye monita hata kidogo, na nikavikata chini ya Hz 250 ili vilete kucha na ukwaruzo wa plektra tu, si tumbo. Mara ya kwanza nilipofungua vyote viwili, sauti ilikonda badala ya kunenepa. Hiyo ni dalili ya pikapu mbili zinazovutana: moja inasukuma wakati nyingine inarudi, na noti nzito zinafutana. Kitufe cha kugeuza kwenye kiboksi kilimaliza shauri. Atakayechanganya asikilize uzi wa sita kwa vyote viwili kabla ya kugusa ikwalaiza, maana hakuna ikwalaiza inayotibu hilo.

Amplifaya tuliihamisha mara tatu. Nyuma ya mzee, ikapiga moja kwa moja mgongoni mwa gitaa, likalia. Mbele yake sakafuni, akasikia magotini. Mwisho ikakaa juu ya kiti cha mwaa, upande wake wa kushoto, usawa wa sikio, ikimwelekea mpiga dramu zaidi kuliko gitaa. Mpiga dramu akamsikia mzee na, kwa hiari yake, akaanza kupiga kwa sauti ya chini. Sikuwa nimepanga hilo. Nilikuwa natafuta tu mahali ambapo matundu ya f hayatazami spika. Nikaongeza vipande viwili vya sponji ya kuoshea vyombo ndani ya matundu hayo kwa nyimbo za kasi, na kitambaa kidogo kati ya nyuzi nyuma ya daraja, kwenye mkia, ambako huwa zinavuma zenyewe bila kupigwa.

Kwa namna hiyo, na fimbo, na saksafoni, gitaa lilifika meza ya mwisho bila kulia. Nilikwenda kukaa huko nikaagiza chai. Ulikuwa ukisikia kodi za mzee chini ya saksafoni, zikianza kwa kishindo kidogo na kufa haraka, kama zinavyopaswa. Solo zake zilikuwa na mviringo. Je, ilikuwa sauti ile ile niliyoisikia chumbani ile asubuhi ya kanga mbili? Hapana. Ilikuwa picha yake, nzuri, ya kutambulika. Nilimwambia hivyo, sikutaka kumdanganya. Akasema, “Hata sura yangu kwenye kioo si mimi. Lakini nanyolea hiyo.”

Wiki sita baadaye nilipita Alhamisi nikaona waya mmoja tu unatoka kwenye gitaa. Ametoa visahani, nikauliza kwa nini. Kumbe havikutoka. Vimo, ila juu ya paa havichomeki. Anavichomeka Jumapili, uani kwa jamaa mmoja Vuga, ambako wanapiga yeye na mpiga besi peke yao, hakuna dramu, hakuna monita, watu kumi na wawili na birika. Huko hutumia visahani bila sumaku, moja kwa moja kwenye kile kiamplifaya changu kidogo, ambacho aliazima kwangu na bado hajakirudisha.

Uzi wa nne bado uko chini kidogo kuliko wenzake kwenye sumaku. Nimeinua skrubu yake mpaka mwisho. Kabla ya kaskazi kuanza nitainua upande mmoja wa pikapu kwa kipande cha mninga kilichobaki, nusu milimita, nione.